Rangi Si Mkazo

Imani moja imeota mizizi katika vitabu vya ufundi, katika maabara na katika picha zinazopamba ripoti za viwanda, nayo ni kwamba kimiminika kinachotiririka kikimulikwa kwa nuru maalumu na kutoa rangi, rangi hizo ni ramani ya mkazo uliomo ndani yake, hivyo panapong'aa pana mkazo mkubwa, penye giza hapana mkazo, na mwenye macho hahitaji kipimo kingine. Imani hiyo inavutia, kwa kuwa inaahidi kile ambacho kila mhandisi hukitamani, yaani kuona nguvu bila kuzigusa na bila kutumbukiza chombo kitakachovuruga mtiririko wenyewe. Hata hivyo, kwa namna inavyosemwa na kufundishwa, si ya kweli, na ushahidi wa kuikanusha hauhitaji kutafutwa mbali na mikoa ya Ash Sharqiyah na Ad Dakhiliyah nchini Oman, kuanzia mitambo ya gesi ya Qalhat karibu na Sur, kupitia milima ya Wadi Tayin kaskazini mwa Ibra, hadi sufuria za halua za Nizwa. Hoja ya makala haya ni moja: nuru huona mpangilio wa chembe, haioni mkazo, na mkazo unaweza kusomwa kutoka kwenye mpangilio pale tu ambapo uhusiano wa viwili hivyo umekwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine.

Maneno yawekwe sawa kwanza. Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila eneo la kitu, nao hupimwa kwa paskali, yaani nyutoni moja kwa kila mita ya mraba. Kimiminika kilichotulia hubeba kanieneo tu, ambayo husukuma sawasawa kutoka kila upande. Kikianza kutiririka, tabaka linalokwenda kasi huliburura tabaka jirani linalochelewa, na katika kubururana huko huzaliwa mkazo usiolingana pande zote, mkubwa katika mwelekeo mmoja na mdogo katika mwelekeo unaoukingama. Nuru ya polari ni nuru iliyopitishwa kwenye kichujio kinachoruhusu mtetemo wa mwelekeo mmoja tu, na kichujio cha pili kikiwekwa mbele yake huku kimegeuzwa kwa nyuzi 90, nuru yote huzuiwa. Lakini kati ya vichujio hivyo viwili kikiwekwa kitu ambacho ndani yake nuru husafiri kwa kasi mbili, kila kasi ikitegemea mwelekeo wa mtetemo, mawimbi ya sehemu moja huchelewa nyuma ya mengine, giza huvunjika na rangi hujitokeza. Sifa hiyo ya kuigawa nuru katika kasi mbili ndiyo iitwayo bairefrinjensi.

Wanaoshikilia imani inayopingwa hapa wana hoja nzito, nazo zinastahili kusikilizwa kikamilifu. Mwanzoni mwa karne ya 19 David Brewster aligundua kwamba kioo kikikandamizwa hupata bairefrinjensi na kikiachiliwa huipoteza, na kutokana na ugunduzi huo wahandisi walijenga elimu nzima ya kusoma nguvu katika vielelezo vya plastiki angavu vya madaraja na mihimili. James Clerk Maxwell alijiuliza kama vimiminika navyo vingeweza kusomwa hivyo hivyo, na katika taarifa aliyoitoa miaka ya 1870 alieleza kwamba utomvu mzito wa msonobari uitwao zeri ya Kanada, ukiburuzwa kwa kisu bapa kati ya vichujio viwili vilivyokingamana, huachia nuru ipite, na mwendo ukikoma giza hurudi mara moja. Mwaka 1955 Arthur Lodge aliunganisha jambo hili na nadharia ya polima, yaani vitu ambavyo molekuli zake ni minyororo mirefu, na kuanzia hapo kanuni ya mkazo na nuru ikapata sura yake maarufu: tofauti ya mikazo mikuu ikizidishwa kwa namba maalumu ya kitu husika, jibu ni bairefrinjensi. Kwa plastiki nyingi zilizoyeyuka kanuni hiyo imepimwa na kupimwa tena, na imesimama.

Kosa linaanzia pale watu wanaposahau kwa nini imesimama. Katika polima iliyoyeyuka, minyororo iliyojikunja ovyo huvutwa na mtiririko ikaelekea upande mmoja, na kuelekea huko kunaleta mambo mawili kwa pamoja, kwani minyororo iliyonyooshwa hutaka kujikunja tena, na huko kutaka ndiko mkazo, na papo hapo viungo vyake vilivyoelekea upande mmoja huipa nuru kasi mbili, na huko ndiko kupatikana kwa rangi. Rangi na mkazo ni ndugu waliozaliwa na mama mmoja, ambaye ni mpangilio, wala si kivuli na mwenye kivuli. Ndugu wa mama mmoja wanaweza kufanana kiasi cha mmoja kutambulishwa kwa sura ya mwenzake, lakini mmoja anaweza kusafiri na mwingine akabaki nyumbani, na yupo mwenye mkazo ambaye hakuzaliwa na mama huyo hata kidogo.

Mfano wa mkazo usio na rangi uko Sur. Qalhat, pwani ya Ash Sharqiyah, ndiko kiwanda cha Oman LNG kinakoipoza gesi asilia hadi kufikia karibu nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, nayo ikageuka kimiminika na kupakiwa melini, kazi iliyoanza kwa shehena ya kwanza mwaka 2000. Kimiminika hicho husukumwa kwa pampu katika mabomba, tabaka zake hubururana, kuta za bomba hukwaruzwa na mtiririko wake, na hakuna mhandisi wa huko atakayethubutu kusema kwamba hakina mkazo. Lakini sehemu yake kubwa ni methani, ambayo molekuli yake ina atomu moja ya kaboni katikati na atomu nne za haidrojeni zilizopangika kuizunguka kwa ulinganifu kamili, kiasi kwamba igeuzwe vyovyote, nuru huiona ile ile. Kitu kisicho na mbele wala nyuma hakiwezi kupangwa, na kisichoweza kupangwa hakitoi rangi. Mkazo wa methani unatokana na molekuli kugongana na kuvutana, si kutokana na kuelekezwa upande mmoja, na kwa sababu hiyo mtu akilitengenezea bomba hilo dirisha la kioo na kuliangalia kwa vichujio vilivyokingamana, ataona giza karibu kamili penye mtiririko wa kasi na penye utulivu vilevile. Anayesema kwamba penye giza hapana mkazo amejibiwa na Qalhat.

Mfano wa rangi isiyo na mkazo uko milimani. Safu zinazoanzia Wadi Tayin katika Ash Sharqiyah na kuendelea hadi Samail katika Ad Dakhiliyah ni sehemu ya ofiolaiti ya Oman, yaani kipande cha sakafu ya bahari ya kale, chenye umri wa miaka milioni 95 hivi, kilichosukumwa juu ya nchi kavu pamoja na sehemu ya mantili, lile tabaka nene la mwamba lililo chini ya gamba la dunia. Mwamba huo ulipokuwa chini, ukiwa na joto la nyuzi 1,200 hivi, ulitiririka ukiwa mgumu, polepole mno, na fuwele zake za madini ya kijani yaitwayo olivini zikajipanga kufuata mtiririko. Adolphe Nicolas na Françoise Boudier wa Montpellier, pamoja na wenzao, walitumia miaka mingi kuichora milima hii, na katika eneo la Maqsad, karibu na Samail, walionyesha mahali ambapo mantili ilipanda wima kama chemchemi kisha ikatawanyika kando chini ya gamba. Mradi wa uchimbaji wa Oman nao, katika miaka ya 2016 hadi 2018, ulitoa zaidi ya kilomita 3 za vipande vya mwamba kutoka mabonde kadhaa ya mikoa hii, na vingi vilichunguzwa ndani ya meli ya utafiti ya Japani iitwayo Chikyu.

Inafaa kuangalia kwa karibu kinachoonekana katika kipande kimoja cha mwamba huo. Fundi hukikata na kukisugua hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, kiasi cha kupitisha nuru, kisha hukiweka chini ya hadubini kati ya vichujio viwili vilivyokingamana, na hapo jiwe ambalo mkononi lilikuwa jeusi lenye kuelekea kijani hulipuka kwa rangi za samawati, waridi, manjano na kijani, kila punje na rangi yake, na meza ya hadubini ikizungushwa punje huzima na kuwaka tena kila baada ya nyuzi 90. Bairefrinjensi ya olivini ni takriban 0.035, na mikromita 30 za unene zinatosha kuchelewesha sehemu moja ya nuru kwa nanomita 1,000 na ushei. Jiwe hilo limetulia mezani, halivutwi wala halikandamizwi, na mtiririko uliolipanga ulikoma zamani za kale, lakini rangi zimebaki zote. Zinaeleza upande ambao mwamba ulitiririka. Hazielezi ulibeba mkazo kiasi gani.

Litasemwa kwamba mwamba si kimiminika, na kwamba kuutolea ushahidi ni kukwepa swali. Jibu ni kwamba kila kimiminika chenye chembe zisizolingana pande zote, ziwe nyuzi, vipande vya udongo au fuwele ndogo, kina kumbukumbu ya aina hii, ndefu au fupi, na kwamba tofauti ya mwamba na zeri ya Maxwell ni ya muda ambao mpangilio hudumu baada ya mkazo kuondoka. La muhimu zaidi ni kwamba wajiolojia wa Oman wameufuata utaratibu ambao wapimaji wa vimiminika wangefaa kuuiga. Mwelekeo wa mtiririko wameusoma kwa nuru, lakini mkazo wameutafuta kwingine, katika ukubwa wa punje zilizozaliwa upya wakati wa mtiririko, kwani majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mkazo unapokuwa mkubwa punje hizo huwa ndogo. Peridotaiti, yaani mwamba huo wa mantili, ile ya ndani, yenye punje za milimita kadhaa, ilitiririka kwa mkazo mdogo, ilhali ile iliyoko chini kabisa ya ofiolaiti, iliyosagwa wakati kipande kizima kikipandishwa, ina punje ndogo mno na ilibeba mkazo mkubwa zaidi kwa mbali. Maswali ni mawili na vipimo ni viwili, na hakuna aliyeviita kwa jina moja.

Mfano wa tatu ni wa Nizwa, nao ndio mzito kuliko yote, kwa kuwa ndani yake rangi na mkazo hupishana njia mbele ya macho. Katika ngome ya Nizwa na katika kasri la Jabrin kuna vyumba vya tende ambavyo sakafu zake zimechimbwa mifereji sambamba, na magunia yaliyopangwa juu yake yalikamua kwa uzito wao asali ya tende, ikatiririka polepole hadi kwenye mtungi. Asali hiyo ni sukari nyingi katika maji machache, ina mnato mkubwa, na mkazo wake ni dhahiri kwa yeyote aliyejaribu kuikoroga, lakini molekuli za sukari ni fupi na hazipangiki kwa mtiririko wa kawaida. Maxwell mwenyewe, kabla ya kufanikiwa kwa zeri, alijaribu mwaka 1866 maji ya gundi na shira ya sukari, na havikumwonyesha alichokitafuta. Zaidi ya hayo, sukari ina tabia nyingine ya kumghilibu mtazamaji, kwani huuzungusha mwelekeo wa mtetemo wa nuru hata ikiwa imetulia kabisa, kiasi kwamba shira nzito yenye kina cha sentimita 10 huuzungusha kwa nyuzi 50 au zaidi, na ikiwekwa kati ya vichujio vilivyokingamana hung'aa kwa rangi nzuri ambazo hazihusiani na mkazo hata chembe. Viwandani tabia hii hutumika kupima kiasi cha sukari, na hakuna anayeiita kipimo cha nguvu.

Halua inakamilisha ushahidi. Wapishi wa Nizwa, kama wenzao wa Unguja na Pemba, hukoroga wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na maji ya waridi katika sufuria kubwa ya shaba kwa saa mbili au zaidi, na kazi yote ni ya mkono ulioshika mwiko. Punje ya wanga mbichi chini ya hadubini ya polari ni nyeupe yenye kung'aa, nayo imekatwa na alama nyeusi ya msalaba, kwa sababu minyororo yake imepangika kutoka katikati kwenda nje kama njiti za gurudumu la baiskeli. Wakati huo mchanganyiko ni mwepesi kama maziwa na mwiko hupita bila kizuizi. Joto likipanda, katika maji matupu kwa nyuzi 60 hadi 70 hivi na kwa joto la juu zaidi palipo na sukari, punje hunywa maji, huvimba, mpangilio wake huvunjika, na msalaba hufifia hadi ukatoweka, punje moja baada ya nyingine, mpaka uwanja wa hadubini ukabaki giza. Ni katika dakika hizo hizo ambapo sufuria hukaza, mwiko ukawa mzito na bega la mkorogaji likaanza kuhisi kazi. Rangi imeondoka wakati ule ule mkazo ulipowasili, na anayesoma mkazo kwa rangi angetangaza kwamba sufuria ya halua ilikuwa na nguvu kubwa ilipokuwa uji mwepesi, na kwamba nguvu zilikwisha ilipogeuka halua.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ndiyo bora zaidi, nayo ni ya kipimajoto. Zebaki, wanasema, haipimi joto bali hutanuka, na watu wamekubaliana kusoma joto kwa kutanuka kwake; basi kuna ubaya gani kusoma mkazo kwa rangi, maadamu namba ya kubadilishia inajulikana? Ubaya ni kwamba zebaki iliyofungwa ndani ya kipimajoto ni ile ile leo na kesho, ipime maji au ipime homa, ilhali hapa kitu kinachopimwa ndicho hicho hicho kipimo. Kimiminika kikibadilika, kipimo nacho kimebadilika. Namba ya polithini iliyoyeyuka ni karibu 2 kwa bilioni kwa kila paskali, na ya polistairini ni karibu 5 kwa bilioni, tena yenye alama ya kutoa, kwa kuwa vikundi vya atomu vilivyo ubavuni mwa mnyororo wake huigeuza nuru kinyume cha mnyororo wenyewe. Namba hizo hazikupatikana kwa kutazama rangi, bali kwa kupima mkazo kwa mashine inayozungusha na kuhisi uzito wa kuzungusha, kisha rangi ikalinganishwa nao. Na hata hapo kuna mpaka, kwani mnyororo ulionyooka karibu wote hauwezi kupangika zaidi, hivyo rangi husimama huku mkazo ukiendelea kupanda. Jambo hilo si la vitabuni tu, maana huko Marmul, kusini mwa Oman, maji yaliyotiwa polima yamekuwa yakisukumwa ardhini kwa kiwango kikubwa tangu mwaka 2010 ili yasukume mafuta mazito, na polima hiyo hupita katika vitundu vyembamba vya mwamba ambamo minyororo hunyooshwa kwa ghafla, yaani katika hali ambayo kanuni huanza kulegea.

Hata ndani ya mipaka ya kanuni, picha haisomeki kwa macho matupu. Ichukuliwe polima yenye namba ya 5 kwa bilioni, katika mfereji wenye kina cha sentimita 1, ikimulikwa kwa nuru ya urefu wa wimbi wa nanomita 500. Tofauti ya mikazo ya paskali 10,000 inazaa uchelewesho wa nanomita 500, yaani wimbi zima, na wimbi zima likichelewa ni sawa na lisilochelewa: giza. Penye paskali sifuri ni giza, penye 10,000 ni giza, penye 20,000 ni giza tena. Nuru nyeupe husaidia kutofautisha mizunguko michache ya mwanzo, kisha rangi zake hufifia na kuchanganyika. Kuna giza jingine linalotokea pale mpangilio unapolingana na mwelekeo wa kichujio, hata mkazo ukiwa mkubwa namna gani, na fundi asiyegeuza vichujio hawezi kulitenga. Isitoshe, mwale hujumlisha kila ulichokutana nacho kuanzia ukuta wa mbele wa mfereji hadi wa nyuma, na kanieneo, ambayo mara nyingi ndiyo inayopasua mabomba, haionekani kabisa, kwa kuwa rangi huzaliwa na tofauti ya mikazo tu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alitenga sehemu ya tatu kati ya saba za Kitab al-Manazir kuchunguza makosa ya macho na sababu zake, maana alijua kwamba kuona hufuatwa na hukumu, na hukumu ndiyo hukosea.

Hakuna linalosemwa hapa linaloitupa mbinu hii. Hakuna njia nyingine inayoonyesha kwa urahisi namna hii chembe zinavyojipanga ndani ya mtiririko bila kuguswa, na ujuzi huo una thamani yake wenyewe bila kuazima jina la mkazo. Kinachodaiwa ni uaminifu wa majina na utaratibu wa kazi: picha iitwe ramani ya mpangilio, atakayeigeuza kuwa ramani ya mkazo ataje namba ya kimiminika chake, joto alilopimia, kina cha mfereji, nuru aliyotumia na mashine iliyompa namba hiyo, na asiye na hayo aishie kwenye mpangilio. Na kwa walimu wa Nizwa, Ibra na Sur, kama kwa walimu wa Zanzibar, somo lenyewe ni rahisi kuliandaa, kwa kuwa linahitaji hadubini, vichujio viwili, wanga na jiko. Mwanafunzi mmoja aiangalie misalaba ikitoweka, na mwenzake ashike mwiko. Kisha waulizwe ni nani kati yao aliyepima mkazo.